Tumtaje Nguruwe kwa Jina Lake

Yuko mnyama mmoja ambaye wakazi wengi wa Nairobi humla, wachache humfuga, na wachache zaidi huthubutu kumtaja waziwazi mbele ya wageni. Ng'ombe tunamsifu, mbuzi tunamchomea karamu, na kuku ndiye kitoweo cha mgeni njoo mwenyeji apone. Nguruwe tunamnong'oneza. Makala haya yanamhusu yeye, na hususan yanahusu chakula chake, kwa sababu katika mtaa wa Kileleshwa ninakoishi umezuka ubishi ambao, nionavyo, unagusa afya na riziki za watu wengi kuliko wale wanaobishana. Hoja yangu ni moja. Madhara mengi tunayoyahofia katika ufugaji wa nguruwe hayatokani na mnyama mwenyewe, bali yatokana na kumficha. Nasi tulianza kumficha katika lugha kabla ya kumficha nyuma ya nyumba.

Maadamu kazi yangu ni kufundisha isimu, msomaji aniwie radhi nikianzia kwenye neno. Kuna wanaodhani kwamba nguruwe ni mgeni katika lugha zetu kama alivyo mgeni katika mazizi yetu. La hasha. Neno lenyewe ni la kale mno. Mkikuyu husema ngũrũe, Mnyarwanda ingurube, Mshona nguruve, Mzulu ingulube, na msemaji wa Kilingala hukata mkia wa neno na kubakia na ngulu. Maneno yanayofanana hivyo kutoka Kinshasa hadi Durban hayakuazimwa jana. Ni urithi wa mama mmoja, lugha ile ya kale tunayoiita Kibantu mame. Lakini aliyetajwa na mababu hao hakuwa huyu mweupe mwenye mkia wa kizibuo. Alikuwa nguruwe wa mwituni, mharibifu wa mihogo na mahindi, ambaye wakulima wa pwani na bara walikesha wakimlinda kwa moto na madebe. Methali yetu isemayo kwamba nguruwe aendealo ndilo atendalo ilimhusu huyo, mnyama asiyegeuzwa nia akishalitamani shamba.

Nguruwe wa kufugwa aliingia bara ya Kenya pamoja na walowezi, mwanzoni mwa karne ya 20. Alipofika, lugha haikuhangaika kumtafutia jina; ilimvisha jina la binamu yake wa porini. Kiwanda cha Uplands, huko Lari katika Kiambu, kilitengeneza bekoni na soseji kwa miongo mingi kabla ya kufungwa katika miaka ya 1980, na hata leo kituo kile kingali kikiitwa Uplands. Kampuni ya Farmer's Choice ilianzishwa mwaka 1980. Kwa hiyo jina ni la mwenyeji na mnyama ni mgeni. Nitaonyesha baadaye kwamba maradhi yake makubwa nayo ni ya mwenyeji.

Jambo la pili la kiisimu ni hili. Kiingereza kina neno moja la mnyama aliye zizini na jingine la nyama iliyo mezani, tofauti iliyotokana na Wanormani waliotoka Ufaransa na kuitawala Uingereza kuanzia mwaka 1066. Mkulima alimtaja mnyama kwa lugha yake, bwana akaitaja nyama kwa Kifaransa. Kiswahili hakina pazia hilo. Sisi husema nyama ya ng'ombe, nyama ya mbuzi, nyama ya nguruwe. Anayekula anakumbushwa kila mara alichokula. Basi watu wa mijini, kwa kukosa pazia katika kamusi, wamejishonea lao. Dar es Salaam nyama hii huitwa kitimoto, na wengine kwa utani huiita mbuzi katoliki. Hapa Nairobi tunalikimbilia lile neno la Kiingereza, pork, na mtu awezaye kuzungumza saa nzima kwa Kiswahili fasaha utamsikia akibadili lugha kwa neno hilo moja tu, kisha akarudi.

Sikejeli. Pazia hili lina asili ya heshima. Kiswahili kililelewa katika pwani ya Kiislamu, na kwa Mwislamu nyama ya nguruwe ni haramu; vivyo hivyo kwa Myahudi, na kwa ndugu zetu Waadventista. Kumtajia jirani yako kitu kinachomchefua ni utovu wa adabu, na lugha yenye adabu hutafuta njia ya kuzunguka. Ila kila tafsida ina bei yake. Lugha ikishamtenga mnyama, humfanya jalala la matusi: mlafi ni nguruwe, mchafu ni nguruwe. Mwezi Mei 2013 waandamanaji walipotaka kuwaaibisha wabunge waliokuwa wakidai mishahara minono zaidi, waliwamwaga nguruwe nje ya Majengo ya Bunge, na taifa zima likaelewa ujumbe bila mkalimani. Isitoshe, kitu kisichotajwa hakiulizwi maswali. Mtu anayeagiza nyama ya ng'ombe huuliza imetoka wapi na imepigwa muhuri na nani. Anayeagiza kitu chenye jina la mafumbo hula upesi na kuondoka. Hapo ndipo pazia la adabu linapogeuka kuwa pazia la hatari.

Sasa nije Kileleshwa. Wanaoufahamu mtaa huu wa zamani watakumbuka nyumba zisizo na ghorofa, nyingi zikiwa za watumishi wa serikali, kila moja na bustani yake pana na ua wa michongoma, kutoka Barabara ya Othaya hadi Mandera, na kijito cha Kirichwa Kubwa kikipita chini. Leo bustani zimegeuka kuwa maghorofa. Mahali palipokuwa na familia moja pana familia 40, na kila familia ina jiko, na kila jiko lina makombo. Ugali uliobaki, wali ulioshika ukoko, maganda ya viazi na ndizi, sukuma wiki iliyonyauka: vyote hivyo hushuka ngazi kila asubuhi ndani ya mifuko.

Katika jengo letu, kwa miaka kadhaa, kijana mmoja amekuwa akija na mkokoteni mara tatu kwa wiki kuyachukua makombo hayo katika mapipa ya plastiki. Anafuga nguruwe wanne upande wa pili wa Kangemi, njia ya kuelekea Kabete. Hatozi senti wala hatulipi. Hivi karibuni katika mkutano wa wakazi ikapendekezwa kwamba apigwe marufuku. Mama mmoja alilalamikia harufu ya mapipa. Mzee mmoja, mtu wa dini na jirani mwema, alisema kwa upole kwamba yeye na jamaa yake hawapendi chakula chao kiishie kwa nguruwe. Mwingine akasema ufugaji wa aina hiyo ndio unaoleta minyoo na kifafa mjini. Hakuna aliyezungumza upuuzi. Nilipomuuliza kijana mwenyewe langoni juu ya mifugo yake, alinijibu: "Mwalimu, hao wanne ndio karo ya watoto wangu." Nikamuuliza kama huyachemsha makombo kabla ya kuwalisha. Akatazama chini. "Siku kuni zikipatikana," akasema.

Jibu hilo la maneno matatu ndilo kiini cha jambo lote, na ningependa tulichunguze badala ya kuokota marungu.

Nguruwe, tofauti na ng'ombe na mbuzi, ana tumbo moja kama letu. Hawezi kuishi kwa nyasi. Anakula takriban kila tunachokula, na kwa sababu hiyo ni mshindani wetu tukimpa mahindi, na mshirika wetu tukimpa masazo. Jike hubeba mimba kwa siku 114, ambazo wafugaji hukariri kuwa ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Huzaa watoto wanane hadi kumi na wawili. Mtoto akitunzwa vizuri hufikia kilo 90 za kuchinjwa katika muda wa miezi sita au saba. Ni mifugo michache ya miguu minne inayokua kwa kasi hiyo, ndiyo sababu mtu mwenye kiuga kidogo humchagua.

Lakini kasi hiyo inalishwa. Kwa kila kilo moja ya uzito anaouongeza, nguruwe huhitaji yapata kilo tatu za chakula kikavu, na chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa kabisa ya gharama za mfugaji. Makombo ya jikoni mengi ni maji: katika kilo kumi huenda chakula kikavu kikawa kilo mbili na nusu tu. Tuseme kila nyumba kati ya zile 40 inatoa nusu kilo ya makombo yanayolika kwa siku. Hizo ni kilo 20, nazo zikishatolewa maji zinawatosha nguruwe wawili wakubwa. Kwa hiyo jengo moja la Kileleshwa haliwezi kumtajirisha mtu. Linaweza kumpunguzia nusu ya mzigo wa kuwalisha nguruwe wanne. Ni msaada mkubwa kwa mnyonge.

Aidha makombo peke yake hayajengi mwili. Ugali na wali hunenepesha bila kukuza. Nguruwe mchanga huhitaji protini kadiri ya asilimia 16 hadi 18 ya chakula chake, nayo hupatikana katika mashudu ya alizeti au pamba, soya iliyopikwa, na dagaa, ambao hapa tunawaita omena. Mfugaji mwerevu huwaondoa omena wiki kadhaa kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka samaki. Soya na maharagwe mabichi hayafai, kwa kuwa yana kitu kinachozuia mwili kuitumia protini. Viazi vilivyogeuka kijani na mihogo michungu vina sumu. Chumvi nyingi ya mchuzi wa hotelini, nguruwe akiwa hana maji ya kutosha, humwua. Maji yenyewe si ya kubahatisha: jike anayenyonyesha aweza kunywa lita 20 na zaidi kwa siku. Na watoto wanaozaliwa juu ya saruji hukosa madini ya chuma ambayo wangeyapata udongoni, hivyo hudungwa sindano ya madini hayo katika siku za mwanzo, ama sivyo hupauka na kufa. Nayataja haya ili msomaji aone kwamba ufugaji huu ni elimu kamili, wala si kutupa taka mbele ya mnyama.

Na hapa niukanushe uzushi mmoja. Nguruwe si mchafu kwa hiari. Mwili wake hautoi jasho la kumpoza, basi jua likimzidi hutafuta tope, kama vile sisi tunavyotafuta kivuli. Akipewa banda lenye nafasi, hulala upande mmoja na kujisaidia upande mwingine. Uchafu tunaoulaani ni wa banda tulilomjengea.

Hatari, hata hivyo, zipo, tena kubwa. Ya kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika. Daktari wa mifugo R. E. Montgomery ndiye aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1921, baada ya kuuchunguza hapa hapa Kenya. Virusi vyake vimeishi tangu kale ndani ya ngiri na ndani ya papasi wanaokaa katika mashimo ya ngiri, na ngiri haumwi navyo. Nguruwe wa walowezi walipokutana navyo walikufa karibu wote. Ndipo niliposema kwamba maradhi ni ya mwenyeji. Binadamu hauambukizwi ugonjwa huu, lakini zizi likiingiliwa, mfugaji hubaki na kamba mkononi. Hauna tiba. Vietnam iliidhinisha chanjo mwaka 2023, lakini kinga ya mfugaji wa Kangemi ingali ni ua, usafi na moto wa jiko.

Nasema moto wa jiko kwa sababu virusi hivyo hustahimili ndani ya nyama kwa muda mrefu, hata nyama iliyokaushwa au kugandishwa. Kipande cha soseji kilichotupwa chaweza kuangamiza mazizi ya wilaya nzima. Mwaka 1957 ugonjwa uliingia Ureno, karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, kupitia mabaki ya chakula cha ndege yaliyolishwa nguruwe. Mwaka 2007 ulizuka Georgia karibu na bandari ya Poti, na inaaminika kwamba uliletwa na masazo ya melini. Kutoka huko ulienea Ulaya ya mashariki, na mwaka 2018 ukafika Uchina, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Uingereza nayo ilipatwa na janga la ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001, lililofuatiliwa hadi shamba moja la nguruwe waliolishwa makombo yasiyochemshwa vilivyo. Mifugo zaidi ya milioni sita ikachinjwa. Baada ya hapo Uingereza, kisha Umoja wa Ulaya, zikapiga marufuku kuwalisha nguruwe makombo.

Kwa hivyo jirani yangu aliyetaka marufuku ana ushahidi wa kutosha. Tofauti yetu ni kwamba Ulaya ina mahali pengine pa kupeleka makombo yake. Sisi tuna Dandora, jaa lililotangazwa kujaa pomoni mwaka 2001 na ambalo bado linapokea. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza. Tukimfukuza mwenye mkokoteni, makombo hayatatoweka; yatapanda lori, yatavuka mji, na yataozea mbele ya watoto wa watu wengine.

Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mnamo Aprili 2009, dunia ilipokuwa na hofu ya homa iliyobatizwa jina la homa ya nguruwe, serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, yapata 300,000, ilhali hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa amethibitishwa nchini humo, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema kwamba homa hiyo haisambai kwa kula nyama. Wengi wa nguruwe hao walikuwa wa wazoa taka wa Cairo, Wakristo wa Kikopti waliokuwa wakikusanya taka za nyumba hadi nyumba na kuwalisha wanyama wao zile za kuoza. Nguruwe walipokwisha, wazoa taka hawakuwa tena na haja ya makombo. Taka zikarundikana mitaani, na wakazi wa Cairo ambao hawakuwahi kumgusa nguruwe wakatambua, wakiwa wameziba pua, kazi aliyokuwa akiwafanyia. Jina baya la ugonjwa liliua mnyama asiye na hatia na kuwanyang'anya maelfu ya watu riziki. Mwanaisimu hawezi kupata mfano mkali zaidi wa nguvu ya neno.

Hatari ya pili inamhusu binadamu moja kwa moja, nayo ni tegu wa nguruwe. Mzunguko wake sharti tuueleze kwa uwazi, maana tafsida hapa huua. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai katika choo kikubwa. Akijisaidia vichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, na mayai hugeuka kuwa vifuko vidogo vyeupe ndani ya misuli yake, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata tegu tumboni, na mzunguko huanza upya. Lakini kubaya zaidi ni mtu akiyameza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa au mboga zilizochafuliwa. Hapo vifuko vyaweza kujijenga katika ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambamo watu huishi pamoja na nguruwe wanaozurura, tegu huyu huchangia asilimia 30 ya visa vya kifafa. Kenya magharibi, katika maeneo kama Busia, watafiti wamelichunguza tatizo hili kwa miaka mingi. Ni watoto wangapi waliopelekwa kwa waganga kutolewa pepo, ilhali pepo ni yai lililoletwa na ukosefu wa choo?

Tena tazama: anayekula nguruwe hupata tegu wa tumboni, lakini kifafa chaweza kumpata hata asiyemla kabisa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za watu wanne wa jumuiya ya Kiyahudi mjini New York, watu wasiogusa nyama hiyo maishani, waliopatikana na vifuko hivyo ubongoni. Chanzo kilichoelekea zaidi ni wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujua. Hivyo basi jirani yangu mcha Mungu hajikingi kwa kutotaja wala kwa kutokula. Anakingwa na choo cha mtu mwingine, na banda la mtu mwingine, na sabuni ya mtu mwingine. Afya ya mji ni mali ya shirika.

Nguruwe aliyefungiwa bandani, akalishwa chakula kilichochemshwa, ana nafasi ndogo sana ya kumpata tegu. Nguruwe anayefichwa ndiye aliye hatarini: hufichwa asikamatwe na askari wa jiji, huchinjwa usiku uani, nyama yake huuzwa bila muhuri kwa jina la mafumbo. Karibu na Kabete, huko Ndumbuini, kuna machinjio ya nguruwe ambako wafugaji wadogo huwapeleka wanyama wao. Hapo ndipo mahali pa kuonana na mkaguzi, si gizani nyuma ya kibanda. Na yeyote ambaye hajui nyama imetoka wapi, naaive kabisa, hadi wekundu uishe ndani na majimaji yawe meupe. Nyama choma ya nguruwe isiyoiva si ujuzi wa mpishi, ni uzembe.

Je, nguruwe wafugwe hapa Kileleshwa? Sidhani. Kaunti ya Nairobi ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini, na kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba kulima na kufuga ni sehemu ya maisha ya jiji. Hata hivyo ruhusa ya sheria haiumbi nafasi. Jengo la ghorofa nane halina mahali pa samadi, na samadi isiyo na mahali itateremka hadi Kirichwa. Lakini kutofuga hakutuondolei wajibu. Sisi ndio wenye makombo. Zizi la Kangemi ni mwendelezo wa jiko letu.

Kwa hiyo mapendekezo niliyowapelekea majirani zangu ni haya, na nayaweka mbele ya msomaji wa mtaa wowote mwenye tatizo kama letu. Kwanza, tuyatenge makombo jikoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inatudai tutenge taka za kuoza na zisizooza. Tuongeze kipengele chetu: nyama, mifupa, soseji na ngozi za kuku zisiingie kabisa katika pipa la mifugo, wala mifuko ya plastiki, wala sabuni. Pili, mapipa yawe na vifuniko na yachukuliwe kila siku, na hapo malalamiko ya harufu yatakwisha. Tatu, wale tusio na pingamizi la kidini tuchange fedha kidogo kila mwezi za kumsaidia kijana kupata kuni au gesi, ili achemshe chakula kwa dakika 30 zisizopungua huku akikoroga, kila siku, si siku kuni zikipatikana. Wenye pingamizi wasilazimishwe. Wawe na pipa lao la mbolea ya bustani. Nne, naye kwa upande wake atuonyeshe banda lenye ua na choo cha watu, na awauze wanyama wake machinjioni penye mkaguzi.

Kwa wenzangu wa taaluma ya lugha nina ombi la tano. Elimu ya mifugo iliyo Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ni nyingi na ya hali ya juu, lakini sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ambayo mwenye mkokoteni haisomi kwa raha. Tunayo maneno: tegu, papasi, mashudu, makombo, machinjio, muhuri. Hatujapungukiwa msamiati, tumepungukiwa nia. Kijitabu cha kurasa ishirini kwa Kiswahili chepesi, kimtajacho nguruwe kwa jina lake bila kicheko na bila kunong'ona, kingewafaa watu kuliko makala kumi za kupandishiwa vyeo.

Wala uwazi huu haumkosei heshima asiyemla nguruwe. Kinyume chake, yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kudai kila nyama iitwe jina lake halisi, ili asije akauziwa asichokitaka kwa jina la kupambwa. Anayekula anauhitaji ukweli kwa ajili ya afya yake, na asiyekula anauhitaji kwa ajili ya dini yake. Mkutano wa wakazi utakaa tena mwisho wa mwezi huu. Nitapiga kura yangu kijana aendelee kuja, na nitatia fedha zangu katika mfuko wa kuni.